Sir Gulamhusein Pindoni mwa Kanga

“Mimi nimemwibia maiti, na maiti hakufungua kesi!”

Maneno hayo Mwatumu Mihayo aliyatamka mbele ya umati mwaka 2016, amesimama juu ya kreti la soda katika ua wa nyumba moja ya Bertrams, Johannesburg, kwenye matanga ya fundi cherehani Burhani, Mzaramo wa Kisarawe. Alikuwa amevaa koti la marehemu. Kofia ya marehemu aliipachika upande, vilevile marehemu alivyoipenda, na mkononi alishika kiatu kimoja cha marehemu, maana cha pili wenye akili zao walishakificha.

“Waulizeni hawa!” akaendelea, akiwaelekezea wafiwa kile kiatu. “Tangu niingie Sauzi hajafa Mzaramo, hajaoa Mzaramo, hajaolewa Mzaramo, nami nikarudi nyumbani mikono mitupu. Siku nitakayorudi mikono mitupu, nizikeni!”

Mjane wa Burhani, ambaye tangu maziko alikuwa hafungui kinywa ila kwa dua, alicheka mpaka ikabidi ashikwe mabega. Halafu akafungua kibindo akalikomboa koti la mumewe.

Aliyeshtuka alikuwa Angélique, msusi wa Lubumbashi, jirani wa Mwatumu chumba kwa chumba kule Joubert Park. Alikuja msibani na uso wa huzuni alioupaka vizuri tangu nyumbani, na sasa alikuwa hajui auweke wapi.

“Yesu wangu! Mwatumu, bantu banalia, weye unavaa veste ya mufu? Batakufunga!”

“Nani anifunge? Hawa watani zangu.”

“Watani njo nini?”

Mwatumu akamweleza njia nzima ya kurudi nyumbani. Zamani sana Wanyamwezi walishuka kutoka bara na mizigo mabegani, Wazaramo wakawapokea karibu na pwani. Wakapigana, wakauguzana, wakazikana, mwisho wakachoka kununiana wakafanya utani. Tangu hapo mtani wako akifa unakwenda kumcheka. Akioa, unakwenda kumwibia. Kitu chake utakirudisha akikukomboa, na yeye hana ruhusa ya kukasirika, kwa sababu kesho zamu ni yake.

Angélique akafikiri mpaka wakafika kwenye ngazi za ghorofa yao. “Kwetu kama unaiba ya mufu,” akasema, “mufu anakuya usiku kuichukua mwenyewe.”

“Aje. Atanikuta nimeivaa.”

Mwatumu alifika Johannesburg akimfuata mumewe, aliyetangulia kutafuta maisha. Maisha aliyapata, tena mazuri, upande wa Pretoria. Ila Mwatumu hakuwemo. Mwanamke mwingine angefuata wakili au mganga. Mwatumu alilia kiasi cha kukandia unga, kisha akanunua chuma cha chapati. Akaweka meza yake nje ya Park Station, na kwa miaka hata walinzi wa stesheni wakawa wanajua saa kwa harufu: chapati za kwanza zikiiva, zamu ya usiku imekwisha. Kiingereza chake kilitosha kuuza na kutukana. Kizulu chake kilitosha kwa vyote hivyo, pamoja na kuomba msamaha baadaye.

Mtoto hakujaaliwa kumzaa, lakini aliletewa. Zuhura alitoka Dar es Salaam na begi moja na namba ya simu ya baba yake mdogo, Jumbe, aliyekuwa akiishi Bertrams na mkewe na watoto katika vyumba viwili ambavyo hata panya walivipanga kwa zamu. Jumbe akampeleka Joubert Park. “Mtani,” akamwambia Mwatumu, “nimekuletea Mzaramo. Umtese utakavyo, ila alale mahali pakavu.”

Akamtesa kwa mapenzi. Kila alfajiri chumba kile kiliamshwa na matusi.

“Mzaramo mvivu! Amka, jua limekuja Johannesburg, halikupitia kwenu Mzenga!”

“Mnyamwezi mbeba mizigo! Ukishafika hapo jikoni, nibebee na chai.”

Siku Zuhura alipougua homa, Mwatumu hakuuza chapati, na ndipo walinzi wa stesheni walipojua kuwa yule mama ana mwana.

Zuhura alipata kazi kwenye duka la vitambaa kule Fordsburg, na huko akaonekana na Riyaad Chunawala, kijana wa Kihindi mwenye ndevu chache alizozitunza kama bustani ya watu wengi. Riyaad hakuanza kwa Zuhura. Alianza kwa chapati. Kila asubuhi akawa anakuja Park Station na gari, ananunua chapati nne, anauliza habari za “dada wa nyumbani”, anaondoka.

“Mhindi anayevuka mji kuja kununua chapati kwa Mnyamwezi,” Mwatumu akamwambia Angélique, “huyo ana njaa nyingine.”

Posa ililetwa mwanzoni mwa 2017, nyumbani kwa Jumbe. Riyaad hakuwa na baba; alilelewa na bibi yake mzaa baba, ambaye ukoo mzima ulimwita Dadi, na baba yake mkubwa, Yacoob. Dadi magoti yalikuwa yanamsumbua, hakuja. Alikuja Yacoob na boksi la vitamu na hadithi moja. Vitamu viliisha mapema.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya babu yao mkuu, Sir Gulamhusein Chunawala, tajiri wa chokaa wa kule Surat. Enzi hizo India ilikuwa ya Mwingereza, kama Tanganyika ilivyokuja kuwa. Gulamhusein alijenga zahanati, akachimba visima, na vita kuu ya kwanza, ile ya wafalme, ilipokuja akatoa farasi wa jeshi. Mwingereza akafurahi, akamwita, akampigisha goti, akamgusa bega kwa upanga, na kuanzia dakika hiyo hata mkewe alipomwita aje kula alitakiwa aanze na Sir. Yacoob akatoa simu akaonyesha picha: mzee wa kilemba, nishani kifuani, uso wa mtu anayebana chafya.

“Nishani hiyo tunayo mpaka leo,” Riyaad akatafsiri, akitazama zulia. Kiswahili alikuwa amekifundishwa mezani pa chapati, kwa hiyo kilikuwa kizuri upande wa vyakula. “Baba mkubwa anasema hakuna mtu wa nje amewahi kuigusa. Siku ya harusi nitaivaa mimi. Anasema... eish, anasema ni heshima kubwa kwenu.”

Jumbe na wazee wakaitikia kwa vichwa. Mambo hayo hayakuwa mageni kwao. Nani hakusikia habari za maliwali na machifu waliovishwa majoho na Mwingereza? Babu yake Mwatumu mwenyewe alikuwa akisimulia juu ya mtemi mmoja mdogo kule Tabora aliyepewa joho jekundu, akawa halivui, analala nalo, analimia nalo, mpaka mbuzi wake wakaacha kumjua.

“Muulize,” Mwatumu akasema, “huyo babu alipokuwa akioga, Sir ilibaki kwenye ndoo au aliingia nayo?”

Jumbe akamkanyaga mguu. Riyaad, kwa busara ya mtu anayetaka kuoa, akatafsiri kwamba mama anasifu usafi wa marehemu.

Posa ikakubaliwa. Lakini lile neno la kwamba nishani haijawahi kuguswa na mtu wa nje lilimkaa Mwatumu mwilini kama upupu. Mtani akiambiwa kitu hakiguswi, vidole vyote kumi humwasha.

Siku ya harusi, Jumamosi, hema lilisimamishwa kwa Jumbe likala ua wote na kipande cha barabara. Kwa bahati siku hiyo kulikuwa na mechi uwanja wa Ellis Park, magari yamejaa mpaka kwenye vichochoro. Msafara wa bwana harusi ukaegesha mbali, kona ya pili, na watu wakaja kwa miguu wakipishana na washabiki waliojipaka rangi usoni, wakawa wanapongezwa na wasiowajua. Dadi alibaki garini. Alisema akiitwa kula atakuja. Kutembea kwa ajili ya kutazama watu wamesimama, hapana.

Getini Mwatumu alikuwa tayari. Amejifunga kibwebwe, nyuma yake wanawake na vigelegele vilivyofika kooni, mbele yake mchi wa kinu umelazwa kukatiza njia. Beitbridge penyewe, mpakani, hapajapata kizuizi kama kile.

“Simama hapo! Nani ninyi?”

“Ni sisi, Mama Mwatumu,” Riyaad akajibu akicheka. Alikuwa amefunzwa na Zuhura. Alivaa koti refu la rangi ya maziwa, na kifuani, upande wa moyo, ikang’aa nishani ya Sir Gulamhusein: duara refu jekundu, ndani yake upanga wa dhahabu na vyuma viwili vya visigino, vile vya kumchomea farasi.

“Mnatoka wapi?”

“Fordsburg.”

“Mnakwenda wapi?”

“Kuoa.”

“Visa iko wapi?”

Wanawake wakapasuka. Riyaad akatoa bahasha, ada ya kufunguliwa mlango. Mwatumu akaitazama ile bahasha kama mtu aliyeletewa mfupa.

“Hiyo wape shangazi zake. Mimi ni mtani. Njoo kwanza nikukumbatie, mwanangu.”

Akamkumbatia vizuri, kwa mikono miwili, kwa machozi ya kweli. Alipomwachia, vigelegele vilikuwa vimepanda mpaka juu ya hema, mchi umeondolewa, na Sir Gulamhusein yuko pindoni mwa kanga, amefungwa mafundo mawili, pale ambapo Mwatumu huweka chenji za asubuhi.

Yacoob ndiye aliyeona. Alikuwa anamnyoosha Riyaad kola wapige picha, mkono ukapita kifuani, ukarudi, ukapita tena.

“Iko wapi?”

Mwatumu akacheka, akalipigapiga pindo. Huo ndio utaratibu: mwizi hajifichi. Mwenye mali husema “oh, tumeibiwa”, wote hucheka, bei hutajwa, kelele za kupatana huanza. Wazaramo waliokuwepo wakaanza kucheka kwa wakati wake.

Yacoob hakucheka. Alilisema neno “mwizi” kwa Kiingereza, akalirudia kwa sauti ambayo hata washabiki wa mechi waligeuka. Alisema miaka karibu tisini nishani ile imevuka bahari, imepona ubaguzi, imepona hata tingatinga lililovunja nyumba yao Pageview, ije kuibiwa na muuza chapati! Akatoa simu. Akasema anaita polisi.

Neno polisi lina miguu. Lilipita chini ya hema, na nusu ya wageni wakakumbuka wameacha sufuria jikoni. Vijana wa Kikongo waliokuja na suti za rangi zote za matunda wakawa wanatoka kwa adabu, mmoja mmoja, wakiaga kwa Kifaransa. Angélique alibaki, lakini alivua viatu virefu akavishika mkononi, kwa tahadhari.

“Jumbe!” Mwatumu akaita. “Mweleze mkweo. Mwambie utani.”

Jumbe alikuwa mtu wa maneno machache, walii wa Zuhura siku hiyo kwa niaba ya kaka yake aliye Dar. Akamsogeza Mwatumu pembeni, karibu na masufuria ya pilau.

“Mtani, utani wako ni na nani?”

“Na nyinyi Wazaramo wachafu.”

“Sawa. Huyu ni Mzaramo?”

“Ni mkwe wa Wazaramo!”

“Kwa ndoa ipi? Sheikh hata hajakohoa. Huyu kijana bado ni mtu wa njiani. Ungengoja robo saa, ungemwibia hata suruali, nisingesema neno. Sasa umemwibia mpita njia, Mwatumu. Na mpita njia akiibiwa, huo si utani.”

Katika maisha yake yote ya wizi wa heshima Mwatumu alijua sheria ya utani kuliko wanaume wa ukoo wake, na leo, kwa ajili ya mwasho wa vidole, ameiruka hatua ya kwanza kabisa. Akalishika pindo alifungue. Vidole vilevile vilivyokuwa vyepesi kufunga, sasa kila kimoja kilikuwa kinamsaidia mwenzake kushindwa.

“Irudi, isirudi,” Yacoob alikuwa akisema, na Riyaad, uso mweupe kama koti lake, hakutafsiri. Hakukuwa na haja. “Mtoto wa nyumba ya Sir haoi kwa wezi. Nakwenda kumwambia Dadi. Dadi akisema tuondoke, tunaondoka.”

Dirisha la chumba cha ndani likafunguka. Zuhura alichomoza, hina mpaka viwikoni, shela limekaa upande.

“We Mnyamwezi!” akaita. Sauti ilianza kama tusi la alfajiri, ikakatikia katikati. “Mnyamwezi we, nirudishie mume wangu!”

Mwatumu hakusubiri kusikia zaidi. Yacoob alikuwa mnene na viatu vyake vilikuwa vya kukalia. Mwatumu akapandisha kanga akakimbia. Alipita kati ya magari, alipita kati ya washabiki waliodhani naye amechelewa mechi wakampisha kwa makofi, akafika kona ya pili akihema kama mvukuto.

Dadi alikuwa kiti cha nyuma cha gari, dirisha wazi, mtandio mweupe kichwani, anamenya chenza. Alikuwa bibi mdogo kama mtoto wa shule, mwenye macho ya mtu aliyesimama dukani miaka mingi na kuona kila mkono ulioingia mfukoni.

Mwatumu akapiga magoti palepale kwenye lami. Kizulu cha stesheni kikakutana na Kizulu cha dukani.

“Gogo,” akasema, yaani bibi, “nimeiba.”

“Umeiba nini?”

“Sir.”

Dadi akatoa mbegu ya chenza mdomoni, akaiweka kwenye kitambaa. “Yote?”

“Yote, Gogo. Iko hapa. Lakini niliiba kwa heshima.”

“Hebu nieleze hiyo ya kuiba kwa heshima. Nina umri huu, haijanifikia.”

Mwatumu akamweleza. Mizigo, Wanyamwezi, Wazaramo, maiti na makoti. Akamweleza na kosa lake: kwamba ameiba kabla ya ndoa, kwamba Jumbe ana haki, kwamba aadhibiwe yeye na si msichana. “Mimi nitaondoka, Gogo. Hata pilau sitakula. Waache watoto waoane.” Na hapo fundo likafunguka, nishani ikadondoka kwenye viganja vyake pamoja na chenji mbili tatu, akamnyooshea.

Dadi hakuipokea. Alikuwa amefumba macho na mabega yanatikisika. Mwatumu akadhani analia, akatafuta la kusema. Bibi alikuwa anacheka, kicheko cha ndani kwa ndani, mpaka gari likaanza kuyumba.

“Siku yangu mimi,” akasema alipopata pumzi, “pale Pageview, wadogo zangu walimwibia bwana harusi viatu. Ndiyo ada yetu: bwana harusi akivua viatu, shemeji wanaruka navyo, avikomboe. Wangu alikuwa mbishi, akakataa kutoa kitu. Alirudi kwao na ndara za mama yake, za maua! Nilikwenda kwa mume aliyevaa maua miguuni. Yacoob hajui hilo. Baba yake alituapisha.”

Yacoob alikuwa ameonekana kwenye kona ya kwanza, amesimama ameshika nguzo, anapumzika.

“Na hiyo nishani,” Dadi akaendelea haraka, akiinama dirishani, “Yacoob amewasimulia nusu. Gulamhusein alikuwa na kaka yake, naye huyo ndiye babu yangu mimi. Waingereza walianza kumpamba yeye. Walimpa cheo cha Khan Bahadur, wakampa nishani na karatasi yenye muhuri. Halafu watu wakaanza kuidai nchi yao, wakawa wanapigwa na kutiwa jela. Babu akaiviringisha nishani kwenye gazeti, akairudisha kwa posta. Miaka michache baadaye mdogo wake akapokea ya kwake, hii. Ndugu wale hawakula tena sahani moja. Mimi damu yangu ni ya aliyerudisha, na nyumba niliyoolewa ni ya aliyepokea. Kila sikukuu namsikiliza Yacoob na Sir wake, nanyamaza, kwa sababu ana presha.”

“Pole, Gogo.”

“Pole ya nini? Zahanati ya Gulamhusein imetibu watu. Na babu yangu naye alikuwa na kiburi, usidhani. Ila alikosea jambo moja.” Akanyoosha kidole chenye maji ya chenza. “Alirudisha bure. Waingereza hawakusema hata asante. Wewe mwanamke, usirudishe bure. Mtani wa Kizaramo hukomboa mali yake kwa kitu gani?”

“Kwa kuku, Gogo. Jogoo. Aliye hai.”

“Ifunge tena hiyo.”

Mwatumu akaifunga tena, na safari hii vidole vilijua kazi. Yacoob akafika, jasho limemlowesha mpaka tai. Kabla hajasema neno, Dadi alimwambia kwa Kigujarati maneno ambayo Mwatumu hakuyaelewa hata moja na akayaelewa yote. Mara mbili lilisikika jina la Sir. Mara moja lilisikika neno lililomfanya Yacoob atazame viatu vyake mwenyewe kwa mshangao, pengine lilihusu ndara. Mwisho Dadi akageukia Kizulu, ili na mwizi asikie.

“Anayeoa leo ni Riyaad. Sir alishaoa zamani. Ndoa ifungwe sasa hivi, kifua kitupu. Kisha wewe, mwanangu mkubwa, utakwenda kutafuta jogoo.”

“Jogoo, Ma?”

“Hai. Na unisaidie kushuka, nataka kuona.”

Wakaja wote watatu polepole, Dadi katikati, ameegemea mwizi upande mmoja na mwenye mali upande wa pili. Washabiki wa mechi wakawapisha tena. Chini ya hema sheikh akakohoa, hatimaye. Jumbe akaozesha, Riyaad akaitikia kwa sauti iliyopasuka, koti la rangi ya maziwa halina kitu kifuani isipokuwa tundu dogo la pini, na dua haikupungua neno. Zuhura akatolewa nje. Alimpita mumewe, akamwendea kwanza Mwatumu, akamfinya mkono kwa nguvu zote.

“Mbeba mizigo wewe,” akamnong’oneza. “Leo ungenibebesha wa maisha.”

“Mzaramo hana shukrani. Nimekuongezea bibi.”

Jumbe akapanda juu ya kiti. “Jamani! Kijana sasa ni mkwe wetu kwa Mungu na kwa watu. Kwa hiyo ule wizi wa mchana, kuanzia dakika hii, umehalalika!”

Vigelegele. Pilau ikafunuliwa, na harufu ikafika mbali kuliko neno polisi lilivyofika, maana wale wote walioacha sufuria jikoni walirudi, tena na wenzao. Suti za matunda zikajaa upya.

Yacoob alitoweka na gari, akarejea na mfuko wa dukani. Akautua mezani mbele ya Mwatumu. Ndani mlikuwa na kuku amekunja miguu, mgumu kama tofali.

“Huyu nini?”

“Kuku,” Riyaad akasema kwa niaba ya baba yake mkubwa.

“Huyu ni barafu yenye mapaja. Sisi tulisema jogoo. Awike!”

Watu wakashika mbavu. Yacoob akamtazama mama yake. Dadi alikuwa amekaa na sahani ya pilau magotini, anatafuna, hamwonei huruma. Ndipo Angélique akavaa tena viatu vyake virefu. “Papa Yacoob, mi niko na jua kwenye wanauzisha bazima. Twende. Lakini mi njo nitachagua, weye hujue jogoo, unajua friji.”

Wakaenda wawili, Mercedes nyeusi na msusi wa Lubumbashi kiti cha mbele akitoa amri kwenye kila roboti, taa za barabarani za kule. Mwanamke mmoja karibu na stesheni alikuwa na matundu yake ya kuku ukutani, na huko, kwa ushahidi wa Angélique ambao aliutoa baadaye kwa kila meza, Yacoob alibadilika. Alipoambiwa bei, randi mia na hamsini, mfanyabiashara wa vizazi vitano aliamka ndani yake. Akaukunja mkono wa shati. Akampima jogoo, akamgeuza, akamtazama kwenye jicho, akasema amekonda, akaondoka hatua, akarudi, akasema ana binti anayeozwa, halafu kwamba ni mpwa, halafu kwamba ni yatima. Yule mwanamke alikuwa akimjibu neno kwa neno, wote wawili wanafurahi kama waliofundishwa na mwalimu mmoja. Umati ukakusanyika. Walipopatana wakapeana mikono kwa kupiga viganja mara tatu, na Yacoob akataka apigwe picha.

Alirudi chini ya hema tai imelegea, jogoo mwekundu kwapani, unyoya mmoja kwenye ndevu. Akampeleka moja kwa moja kwa Mwatumu. Jogoo akatazama watu, akanyoosha shingo, akawika.

Mwatumu akafungua pindo. Akaifuta nishani kwa kanga, mbele na nyuma, akampa Yacoob kwa mikono miwili huku amepiga goti kidogo, maana mtani akishalipwa ni mtu wa adabu. Yacoob akaipokea. Akaishika kidogo, akamtazama Riyaad aliyekuwa anacheza katikati ya wanawake bila mpango wowote wa kukaa apachikwe kitu, akamkabidhi mama yake. Dadi akaitia mkobani, kati ya pipi za mnanaa na dawa ya magoti, akafunga zipu.

“Umemnunua kiasi gani huyu?” Jumbe akamuuliza Yacoob, akimpapasa jogoo mgongoni.

Yacoob akajinyoosha, kifua mbele, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

Jogoo alikuwa randi tisini.